Kusoma na Kungoja: Habari za Mitihani ya Kuingia Shule

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu tulikuwa na desturi ya kufanya mjadala kila Ijumaa jioni. Siku moja hoja iliyoletwa mbele yetu ilikuwa hii: kwamba taabu ya kusomea mtihani wa kuingia shule ni kubwa kuliko taabu ya kungoja matokeo yake. Mimi nilipewa upande wa kuunga mkono. Nikasema juu ya koroboi na moshi wake, juu ya usingizi uliokatizwa, na juu ya mtoto anayekariri majina ya mito ilhali wenzake wanaogelea mtoni. Kura zilipohesabiwa tukawa tumeshinda kwa wingi. Nilirudi bwenini nikichekelea, lakini usiku moyo ulinisuta, maana nilijua kwamba nimeshinda kwa maneno tu. Nilimkumbuka kijana mmoja wa kwetu Malinya, ambaye nitakueleza habari zake mbele, nikaona kwamba yeye peke yake alitosha kuiangusha hoja yangu.

Tangu siku ile nimezitafuta habari za mitihani ya nchi yetu kila nilipopata nafasi. Na sasa, msomaji, ukiniuliza lipi zito kati ya kusoma na kungoja, sitakujibu kabla sijakuuliza nami: mwaka gani? Kwa maana mizigo hii miwili haikukaa mahali pamoja siku zote. Mmoja umepungua na mwingine umeongezeka, na kupungua kwake na kuongezeka kwake kuna sababu zinazoweza kuelezwa.

Malinya ni mahali pa soko na ofisi za serikali katika Ikolomani, kusini ya mji wa Kakamega, katika nchi ya Waidakho. Watu wa mbali huijua kwa mapigano ya fahali. Ukifika siku ya mapigano utawasikia vijana wakipiga isukuti tangu alfajiri, na utawaona watu wakija mbio kwa makundi, fahali wao mbele. Mwenye fahali hakulala usiku huo. Amemlisha, amemwangalia kwato na pembe, na moyo wake hauna raha. Lakini angalia jambo moja. Fahali wawili wakisha kugonganisha vichwa, husukumana mpaka mmoja ageuze mgongo akimbie, na hapo mambo yamekwisha. Aliyeshinda anajulikana, aliyeshindwa anajulikana, na hapana mtu wa kwenda nyumbani akikisia. Mtihani wa karatasi ulipofika katika nchi hii ulikuja na jambo ambalo wazee wetu hawakulizoea: kushindana leo, kisha kuambiwa matokeo baada ya mwezi au miezi, na mtu usiyemjua, ambaye hakukuona ukishindana.

Usidhani hata hivyo kwamba jambo hilo ni geni duniani. Watu wa China walikuwa na mitihani ya kuchagua maofisa wa serikali kwa zaidi ya miaka 1,000, hata ilipofutwa mwaka 1905. Katika mji wa Nanjing palijengwa vijumba vidogo vidogo vya watahiniwa, maelfu kwa maelfu, kila mtu na chake. Humo mtu aliandika, akala, akalala. Kisha majina ya waliofaulu yakabandikwa ukutani. Mwaka 1837 kijana mmoja aitwaye Hong Xiuquan alishindwa mtihani wake huko Guangzhou, wala hiyo haikuwa mara yake ya kwanza. Alirudishwa kwao mgonjwa, akalala siku nyingi akiona njozi. Kijana huyo ndiye aliyeongoza baadaye vita vya Taiping, vilivyokwisha mwaka 1864 baada ya kuua mamilioni ya watu. Sisemi kwamba mtihani ndio ulioleta vita, kwa maana umaskini na uonevu vilikuwapo tayari. Nataka tu uone kwamba hakuugua alipokuwa akisoma. Aliugua alipopata habari.

Turudi kwetu. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni iliweka kamati ya kutazama elimu ya Waafrika katika Kenya, na mwenyekiti wake alikuwa Leonard Beecher, mtu wa kanisa. Mpango uliotokana na kamati ile uligawanya masomo katika mafungu ya miaka minne minne: minne ya shule ya msingi, minne ya shule ya kati, na minne ya sekondari. Baina ya fungu na fungu paliwekwa mtihani. Basi mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, mwishoni mwa mwaka wake wa nne, alikuwa tayari amepepetwa kama mtama kwenye ungo. Na wengi walitoka shuleni hapo, wasirudi tena. Waliobaki walisoma miaka minne mingine, wakafika kwenye mtihani uliojulikana kwa herufi KAPE. Huo ndio uliokuwa mlango wa sekondari.

Babu yangu aliufanya mtihani huo katika miaka ile ya 1950. Nilipomwuliza kama alisoma sana, alicheka. "Ningesoma nini?" akasema. Darasa lao lilikuwa na vitabu vichache vya kugawana, na kitabu kikubwa kuliko vyote kilikuwa ubao wa mwalimu. Ulichokinakili ndicho ulichokuwa nacho. Jua likichwa, mafuta ya taa yalikuwa ya kulia chakula tu. Asubuhi kulikuwa na ng'ombe wa kukama, na mwendo mrefu wa miguu mitupu. Kwa hiyo kusoma kwake kulikuwa na mipaka, nayo mipaka ile, ingawa ilikuwa ya umaskini, ilimpa usingizi.

Lakini alipokuja kwenye kungoja, sauti ya babu ilibadilika. Walifanya mtihani, wakarudi makwao, na kwa majuma mengi hapakuwa na neno. Siku moja tarishi alipita akisema kwamba wote waliofanya mtihani wafike shuleni. Wakasimama chini ya mti. Mkuu wa shule akasoma majina, na kila aliyesomwa alivuka upande wa pili. Hakueleza neno juu ya waliobaki. Aliikunja karatasi akaingia ofisini, na wale walioachwa wakaendelea kusimama, kwa kuwa hapana aliyewaambia waende. Babu alivuka, lakini alama zake hazikufika kiasi cha sekondari. Alipelekwa kusomea ualimu wa daraja la T3, akafundisha mpaka alipostaafu. Nilipomwuliza kama alisikitika, alinijibu kwamba bado huota wale waliobaki chini ya mti.

Wala haikutosha kujua mambo mengi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefanya mtihani huo mwaka 1954, ameeleza katika kitabu chake Decolonising the Mind habari za mvulana wa darasa lake aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Kwa sababu ya somo hilo moja alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani wote, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye hakuwa na alama kama zake ila katika Kiingereza, aliitwa Alliance. Fikiri, msomaji, jinsi mvulana yule alivyongoja. Bila shaka alingoja kwa matumaini kuliko wenzake wote.

Kwa wachache waliopata nafasi, palikuwa na shule kama Maseno, iliyoanza mwaka 1906, au shule ya serikali ya Kakamega, iliyofunguliwa mwaka 1932. Huko kulikuwa na mtihani mwingine mwisho wa mwaka wa nne, nao haukuwa wa Nairobi wala wa Kampala. Ulikuwa wa Cambridge, katika Uingereza, ambako chuo kikuu kilikuwa kimeunda baraza la mitihani tangu mwaka 1858. Maswali yalitungwa kule, na karatasi za majibu zikafungwa katika mabunda, zikasafirishwa ng'ambo kwenda kusahihishwa. Mwanafunzi aliweka kalamu chini mwisho wa mwaka, naye akapata jibu baada ya miezi mitatu hivi, mwaka mpya ukiwa umeshika njia. Katika miezi hiyo wengine walifundisha bila cheti, wengine walishika ukarani, wengine walikaa tu. Mtu hakuwa mwanafunzi wala hakuwa mtu wa kazi. Nimeongea na wazee waliopita njia hiyo, na hakuna hata mmoja aliyenieleza kwa urefu jinsi alivyosoma. Wote hueleza walikuwa wapi siku ile habari zilipowafikia.

Hapa ndipo pawezapo kuonekana chanzo cha uzito wa kungoja. Kwanza ni umbali baina ya meza ya msahihishaji na nyumba ya mtoto. Pili, na hili ni kubwa zaidi, ni uchache wa viti. Mwaka 1963, Kenya ilipopata Uhuru, watoto 891,553 walikuwa katika shule za msingi, ilhali shule za sekondari zilikuwa 151 tu, zenye wanafunzi 30,120. Wagawe mwenyewe, utaona karibu watoto thelathini kwa kila mwanafunzi mmoja wa sekondari. Mtoto hakuogopa mtihani kwa sababu maswali ni magumu. Aliogopa kwa sababu alijua kuhesabu.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda haraka. Mtihani wa mwaka wa nne uliondolewa, na shule ya msingi ikafanywa ya miaka saba, yenye mtihani mmoja tu mwishoni, uliojulikana kwa herufi CPE. Ulikuwa wa Kiingereza, hesabu, na karatasi moja ya maarifa mengine. Kiswahili hakikutahiniwa, jambo ambalo mwalimu wa lugha kama mimi hulieleza kwa uchungu kila mwaka. Majibu yalikuwa ya kuchagua, yakasahihishwa kwa mashine. Kwa mtihani wa sekondari, mwaka 1967 nchi za Afrika Mashariki ziliunda baraza lao la mitihani, na polepole kazi ya Cambridge ikahamia huku. Mwaka 1980 Kenya ikaunda baraza lake yenyewe. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa miaka minane ya msingi pamoja na mtihani wa KCPE, na humo Kiswahili kikapata kiti chake.

Umbali, basi, ulikuwa unapungua. Lakini viti havikuongezeka kwa mwendo wa watoto. Wazazi wakajenga shule za harambee, kwa mchango wa kuku, mahindi na shilingi, ili walioachwa na serikali wapate pa kusoma. Watoto wengi walirudia darasa la mwisho mara mbili au tatu, na wako waliobadilisha majina ili warudi kufanya mtihani upya. Ndipo mzigo wa pili ulipoanza kunenepa. Kama mtihani ni mmoja na mlango ni mwembamba, basi mzazi na mwalimu waliona njia moja tu: kuzidisha kusoma. Yakaja masomo ya alfajiri, ya jioni, ya Jumamosi, na ya likizo, ambayo sote tunayaita tuisheni. Ikaja mitihani ya majaribio, mmoja juu ya mwingine, na vitabu vya maswali ya miaka iliyopita vikauzwa hata sokoni.

Mimi nilifanya KCPE mwaka 2004. Tulitakiwa tuwe darasani saa kumi na moja alfajiri, kila mmoja na taa yake. Nakumbuka pua zetu zilivyokuwa nyeusi kwa moshi jua lilipochomoza, na jinsi tulivyochekana. Naam, tulichekana. Tulikuwa tumechoka, lakini tulikuwa pamoja, na kila siku ilikuwa na kazi yake. Niliyemkalia jirani kwenye dawati alikuwa hodari wa hesabu kuliko mimi, naye alinifundisha visehemu ambavyo mwalimu alishindwa kunifahamisha. Yeye ndiye yule kijana niliyekuahidi habari zake.

Tulipotoka katika chumba cha mtihani wa hesabu, aliniambia kwamba amekosea. Aliruka swali moja, akaendelea kujaza majibu bila kuliachia nafasi yake, hata akagundua karibu na mwisho kwamba majibu yamepanda ngazi. Alifuta, akajaza upya kwa haraka, lakini hakujua alifuta yote au baadhi. Hilo tu. Juma moja alilisema kama mzaha. Juma la pili hakulisema. Baba yake alikuwa ameuza mtamba mmoja kulipia masomo ya ziada, na kila mgeni aliyefika pale nyumbani aliuliza matokeo yatatoka lini. Tulipukuchua mahindi pamoja Desemba ile, na nikaona kwamba anaweza kukaa na gunzi mkononi muda mrefu bila kulipukuchua. Kama angekuwa na somo la kusoma, angelisoma. Hakuwa na la kufanya.

Ikavuma kwamba matokeo yatatangazwa kesho. Usiku ule akaondoka. Asubuhi mwalimu mkuu wetu alikwenda Kakamega, akarudi mchana na karatasi, akazibandika kwenye mlango wa ofisi. Jirani yangu alikuwa amepata alama 361 kati ya 500, wa pili katika shule yetu. Majibu aliyoyafuta alikuwa ameyafuta yote. Barua ya kumwita katika shule nzuri ya bweni ilifika baada ya majuma machache, ikakaa kwenye meza ya mwalimu mkuu. Baba yake alimtafuta Kisumu, akamtafuta Eldoret. Alipatikana mwezi wa Mei, akipalilia mahindi katika shamba la mtu huko Trans Nzoia, na kiti chake kilikuwa kimekwisha kupewa mwingine. Walimu walimsihi arudie darasa la nane. Alikataa, wala hakuwahi kusema kwa nini.

Nimesikia watu wakisema, subira huvuta heri. Mimi sibishani na wahenga, lakini naona kwamba walikuwa wakisema juu ya mvua na mazao, vitu ambavyo mtu aweza kuvitazama vikija.

Tangu wakati huo kungoja kumefupishwa kwa namna ambayo babu yangu hangeisadiki. Watahiniwa wa sekondari wa mwaka 2015 walingoja hadi Machi wa mwaka uliofuata. Wale wa 2016 walipata matokeo yao kabla Desemba haijaisha. KCPE ya mwisho, ya mwaka 2023, yenye watahiniwa zaidi ya 1,400,000, ilimalizika tarehe 1 Novemba, na tarehe 23 ya mwezi huo huo matokeo yakatangazwa. Hapakuwa na tarishi wala mti. Mzazi alituma ujumbe kwa simu, akajibiwa kwa simu. Tena, tangu mwaka 2018 serikali ilikuwa imeweka shabaha kwamba kila aliyefanya mtihani wa darasa la nane aingie sekondari, basi hofu ya kukosa kiti kabisa ikapungua, ikabaki hofu ya kukosa kiti kizuri.

Ungetazamia kwamba watoto wangepumua. Lakini siku walizopunguziwa katika kungoja zimewekwa upande wa kusoma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza tuisheni ya likizo. Wewe, msomaji, wajua mwenyewe kama sheria hiyo hufuatwa katika kijiji chako. Na katika mfumo mpya, mtihani wa Gredi ya 9, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, hauchukui hesabu yote ya kumpangia mtoto sekondari ya juu. Mtihani huo huchukua asilimia 60, ule wa Gredi ya 6 asilimia 20, na kazi za darasani za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20. Nia yake ni njema, kwamba mtoto asihukumiwe kwa siku tatu za maisha yake. Ila nimewaona watoto wa Gredi ya 6 wakiulizana alama kwa nyuso ambazo zamani tulizivaa darasa la nane. Kama siku tatu zimekuwa miaka minne, hilo ni nafuu au ni zito? Sijaamua, na sioni haya kusema kwamba sijaamua. Watoto wa kwanza wa mfumo huo ndio kwanza wameingia Gredi ya 10.

Jirani yangu wa dawati alirudi Malinya zamani, ana pikipiki ya kubeba abiria, na binti yake wa kwanza alikuwa miongoni mwa wale wa 2025. Jioni moja ya Desemba alikuja kwangu, akaegesha pikipiki, akakaa kwenye benchi nje. Habari zilikuwa zimevuma kwamba matokeo yatatangazwa kesho. Sikumwuliza jambo. Mke wangu alileta chai, tukanywa. Kisha akaniambia kwamba amemwacha binti kwa bibi yake, na kwamba bibi amefunga mlango akatia ufunguo kifuani. Alicheka kidogo aliposema hivyo, nami nikacheka. Hakuondoka mpaka usiku wa manane, na kulipopambazuka alikuwa pale tena, simu mkononi, binti yake ameketi nyuma ya pikipiki akipiga miayo.